Mzimu Kama Mtenda: Kicheko na Upelelezi kutoka Bwana Msa hadi Vimes

Uhakiki wa riwaya ya Kiswahili ya upelelezi umezoea kuanza na nasaba. Hutajwa Muhammed Said Abdulla, hutajwa Sherlock Holmes, hutajwa kiko. Najum hupewa nafasi ya Watson, na hoja huishia hapo. Nasaba hiyo ni ya kweli. Hata hivyo, haielezi kwa nini msomaji huirudia *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960) ilhali muuaji amekwisha kumjua. Mshabiki wa riwaya hii hairudii kwa ajili ya jibu. Huirudia ili acheke tena.

Kicheko chenyewe kimefumwa ndani ya fumbo. Bwana Ali anakutwa ameuawa mzimuni, na lugha ya wenyeji tayari ina mshukiwa wake. Katika Kiswahili cha kila siku, mzimu, jini na shetani hukaa bila shida katika nafasi ya kiima: shetani kampanda, mzimu umemchukua. Sentensi ya namna hiyo imekamilika kisarufi, na kwa msemaji wake imekamilika kiuchunguzi pia, kwa kuwa mtenda amekwisha tajwa. Kazi ya Bwana Msa ni kuiondoa nomino hiyo na kuweka jina la mtu. Najum, mwenye pupa ya kukisia, huibua kicheko kwa kuwa kila mara hujaza nafasi hiyo mapema mno. *Kisima cha Giningi* (1968) inaendeleza mchezo huohuo tangu jina lake, maana Giningi katika masimulizi ya Zanzibar ni makao ya wachawi.

Mpenzi wa vitabu hivi atajiona yuko nyumbani katika riwaya za askari wa Ankh-Morpork za Terry Pratchett, ingawa zimetoka mbali na zinakwenda kinyume. Katika *Guards! Guards!* (1989) joka lipo kweli, linaruka na linateketeza watu. Hata hivyo swali la kipolisi halibadiliki: nani aliyeliita? Jibu ni katibu wa mtawala, mtu mwenye tamaa ya kawaida kabisa. Abdulla anakanusha mzimu ili amfikie binadamu. Pratchett anakubali uchawi wote, kisha anamfikia binadamu yuleyule.

Tofauti iliyo nzito zaidi ni nani anayechekwa. Kamanda Vimes anawadharau wapelelezi wanaomtazama mtu mara moja wakasimulia maisha yake yote, ustadi ambao Bwana Msa anajivunia. Katika *Feet of Clay* (1996) sumu iliyotiwa kwenye mishumaa ya mtawala inamdhoofisha tu mtawala huyo. Wanaokufa ni bibi kizee na mtoto mchanga wa Cockbill Street, mtaa wa kimaskini alikokulia Vimes, kwa sababu mtumishi wa jumba la mtawala alichukua vipande vya mishumaa iliyobaki akawapelekea watu wake. Kicheko cha Pratchett kinawapanda wenye vyeo na kukoma kwenye mlango wa maskini. Cha Abdulla mara nyingine huteremka: msomi anamcheka mshirikina. Hilo ni dosari, na wahakiki wanaomsifu Bwana Msa kama sauti ya akili dhidi ya ushirikina wameligeuza kuwa fadhila.

Riwaya zilizofuata zililikwepa tatizo hilo kwa kuacha vyote viwili. *Kufa na Kupona* (1974) ya Elvis Musiba ina kasi na ina bastola; Willy Gamba hana mzimu wa kukanusha wala Najum wa kumchekesha. Rafu ya fasihi pendwa imeziweka pamoja na za Abdulla kana kwamba zinamtosheleza msomaji mmoja.

Kinachomwokoa Abdulla ni Najum. Huyu si mkulima wa shamba asiyejua kitu. Ni rafiki wa mpelelezi, huketi naye na kusafiri naye. Akikosea, kicheko hakiteremki kwa wenyeji wa mzimu. Kinamwangukia msomaji, ambaye ukurasa mmoja nyuma alikuwa amekisia vilevile.