Mkono Unaopima Mimba ya Ng'ombe

Kwa mfugaji mdogo wa Arumeru au Rungwe, mwenye ng'ombe mmoja au wawili wa maziwa, siku ya 21 baada ya kuhimilisha husubiriwa kwa hamu, kwa kuwa huo ndio muda wa kawaida wa ng'ombe asiye na mimba kurudi kwenye joto, yaani hali ya kutaka dume. Asiporudi, watu husema ameshika. Hata hivyo kutorudi si ushahidi, kwani lishe duni au maradhi ya kizazi huweza kulizima joto hilo, na wako wenye mimba ambao huonyesha dalili zake. Ndiyo maana ufundi wa kupima mimba kwa kupapasa kwa mkono unastahili heshima kubwa kuliko inayopewa.

Mpimaji huvaa glavu ya plastiki inayofika begani, huipaka kilainishi, hukusanya vidole pamoja na kuingiza mkono polepole kupitia njia ya haja kubwa. Utumbo ukibana husubiri ulegee, kwa sababu anayeshindana nao humuumiza mnyama na kuvitia ganzi vidole vyake mwenyewe. Chini ya ukuta wa utumbo umelala mji wa mimba wenye pembe mbili, ambazo kwa ng'ombe mtupu hukaribia kulingana. Kuanzia siku ya 35 hivi, mkono uliozoea hutambua kwamba pembe moja imejaa majimaji. Siku ya 60 kijusi huwa na urefu wa sentimita 6 hivi, na siku ya 90 hufikia takriban 15. Baadaye mshipa mkubwa unaolisha upande wenye mimba hubadilika, ukaacha pigo la kawaida na kutoa mtetemo usiokatika, kama maji yapitayo kwa nguvu katika mpira mwembamba. Ni jambo la kustaajabisha kweli kweli kwamba ncha ya kidole huisikia damu ikimwendea ndama asiyeonekana, na kwamba unene wa mshipa huo humsaidia fundi kukadiria miezi.

Karibu na mwezi wa 5 uzito huushusha mji wa mimba tumboni, mkono usimfikie ndama, na mwanafunzi akatangaza kwamba hamna kitu. Fundi hutafuta mshipa, pamoja na vifundo vinavyoshikiza kondo kwenye ukuta wa kizazi. Usaha uliojaa kizazini nao hudanganya. Kwa hiyo mpimaji mwaminifu, akiwa na shaka, huomba kurudi baada ya wiki kadhaa, na ombi hilo ni sehemu ya ustadi wake.

Mimba huchukua wastani wa siku 283, ingawa zebu mara nyingi huzidisha siku chache. Ng'ombe aliyehimilishwa tarehe 10 Machi hutarajiwa kuzaa karibu na 18 Desemba, na inafaa akaushwe, yaani aachwe kukamuliwa, siku 60 kabla, tarehe 19 Oktoba, ili kiwele kipumzike na dang'a, maziwa ya kwanza, iwe nzito. Pasipo tarehe ya kuhimilisha, mpimaji hubaki na makadirio, nayo hupoteza usahihi kadiri mimba inavyokua. Basi mfugaji na aiandike tarehe hiyo daftarini siku ile ile, kisha amwite mpimaji mimba ikiwa na miezi 2 au 3.