Kuipima Picha ya Ndege wa Msituni Katika Mwanga Hafifu

Misitu ya pwani iliyosalia kuizunguka Dar es Salaam, yaani Pugu na Kazimzumbwi upande wa Kisarawe, Vikindu kusini ya Temeke kando ya barabara ya Kilwa, na Pande nyuma ya vitongoji vya Kinondoni na Ubungo, ina ndege ambao mpiga picha huweza kuwasubiri saa nyingi asiwaone, na wanapojitokeza huwa chini ya miti iliyosongamana kiasi kwamba hata saa nne asubuhi jua hufika chini kwa vipandevipande tu. Picha ya ndege hao haipimwi kwa kigezo cha picha ya korongo aliyesimama juani ufukweni, na anayetaka kuitambua iliyo bora hana budi kuelewa kwanza mpiga picha alipoteza nini ili apate nini.

Njia za kufidia upungufu wa mwanga ni tatu. Ya kwanza ni kupanua tundu la lenzi, ambapo kipimo cha f/4 huingiza mwanga maradufu ya f/5.6, ingawa sehemu inayoonekana wazi, mbele na nyuma ya mahali lenzi ilipolengwa, huwa nyembamba zaidi. Ya pili ni kuiacha shata wazi kwa muda mrefu, tuseme 1/60 ya sekunde badala ya 1/250, jambo linaloongeza mwanga takriban mara nne lakini likakaribisha mtikisiko. Ya tatu ni kupandisha ISO, yaani kipimo cha jinsi kamera inavyoukuza mwanga ilioupokea, na hapo huzuka chenga, vile vidoa vinavyotapakaa hasa penye weusi.

Mjuzi huanzia kwenye jicho la ndege. Likiwa wazi, na ndani yake pakawa na nukta ya mwanga wa anga, mkia ulioingia ukungu husameheka. Likiwa na ukungu, hakuna kinachoiokoa picha. Chanzo cha ukungu chenyewe husomeka: ikiwa majani makavu aliyosimama juu yake ndege yamevutika pamoja naye kuelekea upande mmoja, mkono ndio uliotikisika, ikiwa majani yako wazi na ndege peke yake amefifia, ni yeye aliyesogea, na ikiwa kijiti kilicho mbele yake ndicho kinachoonekana vizuri, lenzi ililengwa pasipo.

Chenga huwatisha wanaoanza kuliko inavyostahili. Kosa baya zaidi ni kuzifuta kwa programu mpaka manyoya yakalainika kama nta, na kwa hilo hakuna kipimo kizuri kuliko kipimanjia wa Sokoke, *Anthus sokokensis*, ndege wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania peke yake, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1921. Kifua chake cha manjano hafifu kina michirizi myeusi, na kila mchirizi una kingo zilizochanika kidogo kwa kufuata unyoya ulivyolala. Picha inayozionyesha kingo hizo, hata kama imejaa chenga, ni bora kuliko ile safi iliyoigeuza michirizi kuwa alama za wino.

Rangi nayo ina hila zake, kwa kuwa mwanga uliochujwa na majani huwa wa kijani na humpaka ndege mzima. Pita wa Afrika, *Pitta angolensis*, ndege mhamaji anayesafiri usiku na kuchakura ardhini mchana, ana mgongo wa kijani, koo jeupe na tumbo jekundu kwa chini: koo likionekana la kijani, rangi haikusawazishwa, na wekundu ukiwa bapa moja lisilo na mistari ya manyoya, umekolezwa kupita kiasi. Aidha, mpiga picha asiibe kiza cha msitu. Picha iliyong'arishwa hadi sakafu ya msitu ikafanana na bustani imedanganya kuhusu mahali, sawa na ile ya flashi kali iliyomwacha ndege mweupe mbele ya ukuta mweusi.

Linabaki swali la namna picha ilivyopatikana, nalo lina uzito kuliko yote yaliyotangulia, kwa sababu misitu hii ni midogo, hukatwa kwa ajili ya mkaa, na ndege wake hawana pengine pa kuhamia karibu. Majani yaliyokatwa kuzunguka kiota huonekana pichani, na hufungua njia kwa kunguru na nyani. Sauti iliyorekodiwa na kuchezwa ili kumvuta ndege haionekani, ila yule anayeitikia akidhani amevamiwa huacha kulisha makinda yake. Kwa hiyo mwamuzi na amuulize mpiga picha waziwazi alivyoipata, na picha iliyopatikana kwa mojawapo ya njia hizo mbili msimu wa kutaga ikataliwe, hata kama kila unyoya unahesabika.