Nafsi ya Mama katika Tangazo la Motrin

Tangazo la biashara ni utungo mfupi, lakini halikosi msimulizi, hadhira wala dhamira, na kwa sababu hiyo linaweza kuhakikiwa kama utungo mwingine wowote. Makala haya yanalichunguza tangazo la Motrin, dawa ya kutuliza maumivu ambayo mwaka 2008 ilikuwa ya kampuni ya McNeil, tawi la Johnson & Johnson nchini Marekani. Lilitolewa mwaka 2008 katika tovuti ya dawa hiyo na katika magazeti. Katikati ya Novemba mwaka huo akina mama wa Marekani walilishambulia katika mtandao wa Twitter, na katika muda wa siku chache tu kampuni ikaliondoa tovutini na kuomba radhi. Kisa hicho hutajwa zaidi kwa kasi ya ghadhabu ile kuliko kwa maneno yaliyoizusha.

Katika filamu yenyewe maneno hupita kwenye kioo huku sauti ya mwanamke ikiyasoma. Mwanamke huyo anaeleza kwamba kumvaa mtoto kumekuwa mtindo, kisha anataja mbeleko za namna namna, za kifuani na za ubavuni, mfano wa mtu apitiaye nguo dukani. Eti mtoto abebwaye karibu na mwili hulia kidogo. Je, mamaye halii zaidi? Mgongo, shingo na mabega vyamuuma. Atavumilia kwa ajili ya mtoto, na isitoshe, mbeleko humfanya aonekane mama hasa. Akionekana mchovu na kama aliyerukwa na akili, watu wataelewa.

Msomaji wa Kiswahili atakwazwa kwanza na kitenzi. Kwa Kiswahili mtoto havaliwi. Hubebwa, na akifungwa kwa nguo mgongoni au nyongani, huelekwa. Ni rahisi basi kudai kuwa kosa la tangazo ni kumgeuza mtoto vazi. Dai hilo halisimami. Kitenzi hicho kilikuwa cha akina mama wenyewe: kilienezwa tangu miaka ya 1980 na daktari wa watoto William Sears na mkewe Martha, na waliokasirika walikitumia kwa fahari. Hata juma lile la Novemba lilikuwa limetengwa kuadhimisha ubebaji wa namna hiyo. Kilichokibadilisha ni jirani zake: neno la "mtindo" lililotangulia, na lile la Kiingereza ambalo kwa Kiswahili halina tafsiri bora kuliko "eti". Mtu akisema "eti", ameripoti jambo na kulikana kwa pumzi moja.

Wala maudhui hayatoshi kueleza hasira hiyo. Kwamba mtoto ni mzito, na mgongo huuma, hakuna mama asiyejua. Wahenga walikwisha kusema kuwa mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Ingawa methali hiyo hutumiwa zaidi katika habari za malezi na adabu, imeyapima machozi ya mtoto kwa machozi ya mzazi, jambo ambalo tangazo lilijaribu kulifanya kwa mzaha. Tena mbeleko, mbali na kuwa nguo ya kuelekea mtoto, ni jina la zawadi ambayo bwana harusi humpa mama wa bibi harusi. Mgongo wa mama una deni, na deni hilo hulipwa mbele ya watu. Uchovu wa mama, basi, si habari ya kufichwa.

Tatizo limo katika nafsi. Utungo umetumia nafsi ya kwanza, na "mimi" huyo hana jina, hana mtoto, wala hana mgongo. Ni mwuza dawa aliyejitia umama. Mama akijicheka kwa uchovu wake, hiyo ni haki yake. Maneno yale yale yakitoka kwa mwenye kunufaika na maumivu yake, huwa ni matusi.

Hapa mtu anaweza kuuliza kuhusu leso. Maneno ya leso nayo huchapishwa na mfanyabiashara. Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa alifahamika kwayo, na "Mali ya Abdulla" yake ingalipo. Mbona wanawake wa pwani hawakughadhibika? Kwa sababu leso haisemi hadi inunuliwe. Mwanamke huichagua kati ya nyingi, akajua anamlenga nani, jirani au mke mwenza, na maneno ya mwenye duka yakawa yake. Akina mama wa Marekani hawakupewa nafasi hiyo ya kuchagua. Walikuta wamekwisha kusemewa.

Wapo walioona ghadhabu ile ilipita kiasi, na kwa kweli waliokasirishwa na neno la "mtindo" pekee walikuwa na hoja nyepesi. Jibu la akina mama lililokuwa na uzito zaidi ni filamu iliyokusanya ujumbe wao pamoja na picha zao wamewabeba watoto wao: kila maneno yakapata mwenyewe. Barua ya radhi ya kampuni ilifuata njia hiyo hiyo bila kukusudia. Iliandikwa na makamu wa rais aliyesimamia uuzaji, akataja cheo chake, kisha akaeleza kwamba yeye mwenyewe ni mama wa mabinti watatu.