Ruthu na Neno "Mwema"

Katika mafundisho ya wanawake tunayoyasikia hapa Naliendele, Ruthu hutajwa mara nyingi kuwa kielelezo cha utii. Binti huambiwa awe kama Ruthu, yaani anyamaze na kuvumilia. Tumesikia hata mke aliyepigwa akirudishwa kwa mumewe kwa maneno hayo. Yatupasa kusema wazi kwamba kitabu hakifundishi hivyo.

Kwanza, tuitazame sura ya 1. Naomi aliwaagiza wakweze wawili warudi, kila mmoja nyumbani kwa mama yake. Aliyetii ni Orpa; Ruthu alikataa. Wala hapakuwa na mume wa kutiiwa, maana alikwisha kufa. Ruthu alimwapia mwanamke mwenziwe, mjane, tena maskini. Kweli, katika sura ya 3 amsikiliza Naomi. Lakini huo ni utii wa mtu aliyekwisha kuchagua mwenyewe.

Wamakonde na Wamakua hawahitaji kufafanuliwa nyumba ya mama ni nini. Kwao ukoo hufuata upande wa mama, na kwa desturi ya zamani mume ndiye aliyehamia kwa wakweze. Basi mtu wa huku ajua Ruthu aliacha nini: ndugu zake, mjomba wa kumsemea, na ardhi ya kwao. Aziachaye hizo kwa hiari yake si mnyonge.

Pili, tuliangalie neno. Katika Biblia ya Muungano ya mwaka 1952, Boazi amwita Ruthu mwanamke "mwema" (3:11), na mke wa Mithali 31:10 aitwa vivyo hivyo. Neno la Kiebrania ni *hayil*, lenye maana ya nguvu, uwezo na ushujaa. Hata jeshi huitwa hivyo. Boazi naye asifiwa kwa neno lilo hilo (2:1), lakini kwake limefasiriwa kwa ukuu na mali. Mwanamume amepewa ukuu, mwanamke wema. Wema si neno baya. Ila masikioni mwa watu wetu mke mwema ni mpole asiyejibu. Sisi twaona "hodari" lingefaa zaidi, maana mke yule wa Mithali hununua shamba kwa shauri lake.

Basi, walimu wenzetu, tukimweka Ruthu mbele ya binti zetu, tumweke mzima: aliyechagua, akaokota masazo juani, akamlisha mavyaa yake. Wala mke asirudishwe kwenye mapigo kwa jina la Ruthu.