Msamaha Usiovuka Kizingiti: Kusoma Riwaya ya Kwanza ya James Baldwin

Wapo Wakristo wanaoamini kwamba mtu aliyeacha mimbari hana la kulifundisha kanisa. Riwaya ya *Go Tell It on the Mountain*, iliyochapishwa Marekani mwaka 1953, inatudai tufikiri upya. James Baldwin, aliyeiandika, alianza kuhubiri akiwa na miaka 14, akaacha baada ya miaka mitatu hivi. Kitabu chake, hata hivyo, kimejaa sala, zaburi na machozi ya mkesha.

Baldwin alizaliwa tarehe 2 Agosti 1924 huko Harlem, mtaa wa watu weusi jijini New York. Baba yake mzazi hakumjua. Mama yake aliolewa na David Baldwin, kibarua aliyekuwa pia mhubiri, wakapata watoto wengine wanane. Chakula kilikuwa haba. Kijana alisoma vitabu huku amempakata mdogo wake, na baba wa kambo akamwambia kwamba ana sura mbaya. Baba huyo alifariki mwaka 1943. Siku hiyohiyo mama alijifungua mtoto wa mwisho, na mazishi yakafanyika siku James alipotimiza miaka 19. Mwaka 1948 alikwenda Paris akiwa na dola 40 hivi mfukoni. Riwaya aliyoihangaikia kwa takriban miaka kumi aliimalizia kijijini Uswisi.

Humo nyumba ile inaonekana tena. John Grimes anatimiza miaka 14 Jumamosi moja ya mwaka 1935. Anayemwita baba, Gabriel, ni shemasi mkuu wa kanisa dogo la Harlem, tena mkali wa mkono na wa maneno. John hajui kwamba Gabriel si baba yake mzazi. Jioni wote wanakwenda kusali, na mwandishi anatuingiza katika sala za watu wazima watatu: shangazi Florence, Gabriel mwenyewe, na mama Elizabeth.

Hapo ndipo siri zinapofunuliwa. Elizabeth alimzaa John nje ya ndoa, na mchumba wake alijiua baada ya kukamatwa kwa kosa ambalo hakulitenda. Gabriel alipomwoa aliahidi kumpenda mtoto huyo kama wake. Lakini Gabriel naye alikuwa amezaa nje ya ndoa, akachukua fedha za mke wake wa kwanza, Deborah, ili kumsafirisha mwanamke yule mbali. Mtoto alikua bila kukiriwa na baba yake, akauawa angali kijana. Ndipo Gabriel alipokiri, tena kwa kuulizwa na Deborah.

Ndugu msomaji, tuangalie kwa makini ubaya wa Gabriel uko wapi. Kuanguka ni jambo la kila mmoja wetu. Ndiyo maana tunaungama kila Jumapili. Gabriel anasadiki kwamba Mungu amemsamehe, lakini Elizabeth anaendelea kudaiwa toba, na John anaadhibiwa kwa kuzaliwa tu. Ni yule mtumwa wa Mathayo 18, aliyefutiwa deni kubwa akamkaba mwenzake kwa deni dogo. Luther alitufundisha kutenganisha Sheria na Injili. Gabriel anazitenganisha vibaya: Injili anajiwekea yeye, Sheria anawaachia mkewe na mtoto.

Sifa kubwa ya Baldwin ni haki. Angeweza kumfanya mzee huyu kichekesho, na kwa maisha aliyoishi tungemwelewa. Badala yake anampa sala ndefu kuliko wenzake, tuone hofu yake, mama yake mcha Mungu, na ukatili wa wazungu wa Kusini uliomkomaza. Tunamaliza sala ile tukimhurumia, ingawa hatumtetei.

Usiku huo John anaanguka mbele ya madhabahu, anapita gizani, na anaamka akiwa ameokoka. Washirika wanafurahi. Gabriel hafurahi. Wengine husema mwandishi anaudhihaki wokovu. Mimi sioni dhihaka. Naona mtoto aliyepokelewa na Mungu huku baba yake akisita kumpokea. Kinachonisumbua kama mchungaji ni kwamba Gabriel habadiliki. Nilitamani atubu kabla ya ukurasa wa mwisho. Lakini toba ya rahisi ingetupunguzia mzigo, na mzigo huu ni wetu.

Paulo aliwaonya akina baba wa Kolosai wasiwavunje moyo watoto wao. Onyo hilo linawahusu wachungaji, wainjilisti na wazee wa kanisa kabla ya wengine. Mtoto wa mhubiri husikia mahubiri mawili, moja kanisani na moja mezani. Yakipingana, ataamini la mezani, na siku akiondoka tutasema dunia ndiyo iliyomchukua.