Nani Mwenye Zamu? Zamu kama Kipengele cha Fani katika Michezo ya Uhusika ya Kompyuta

Mtu anayetafuta mchezo wa uhusika wa zamu wa kuchezea kwenye kompyuta huanza, aghalabu, na lebo. Katika duka la mtandaoni la Steam, ambalo ni mali ya kampuni ya Valve, lebo hizo hubandikwa na wachezaji wenyewe pamoja na watengenezaji, na kila anayebofya neno la zamu huletewa orodha ndefu isiyo na mpangilio wa kihakiki. Fallout ya 1997, Undertale ya 2015, Darkest Dungeon ya 2016 na Baldur's Gate 3 ya 2023 huwekwa na wapenzi wa utanzu huu katika kapu moja. Makala haya yanadai kwamba kapu hilo limefumwa kwa kigezo finyu. Lebo hueleza kuwa wahusika hutenda kwa kupokezana. Haielezi zamu hiyo ni ya nani, inaweza kunyang'anywa au la, na inabeba dhamira gani. Mtafiti anayeteua sampuli yake kwa lebo peke yake atalinganisha kazi ambazo hazifanani ila kwa sura ya nje.

Dhana yenyewe si ngeni kwa mzungumzaji wa Kiswahili. Katika bao, mchezaji aliye kwenye namua hutia kete moja kutoka akiba yake, akala au akatakata, na mwenzake hagusi shimo hata moja mpaka kete za wa kwanza zilale. Anayesubiri katika bao ni mtu mzima mwenye macho, anayeguna na kuhesabu. Katika mchezo wa uhusika wa kompyuta, anayesubiri ni ulimwengu wa hadithi wenyewe. Zimwi limeinua rungu, na rungu litabaki hewani hata mchezaji akienda kupika chai. Gérard Genette, katika kazi yake ya 1972 kuhusu usimulizi, alitenganisha muda wa hadithi na muda wa usimulizi, na akabainisha hali ambapo usimulizi unaendelea ilhali hadithi imesimama. Katika riwaya, kisimamo hicho huamuliwa na mwandishi. Katika mchezo wa zamu huamuliwa na mchezaji, na hapo ndipo mamlaka ya kiusimulizi huhamia mikononi mwake. Swali la kihakiki, basi, ni iwapo kazi inamwachia mamlaka hayo bila kuyahoji.

Historia ya zamu inaweza kupitiwa kwa haraka. Chimbuko lake la karibu ni Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa Gary Gygax na Dave Arneson uliotolewa mwaka 1974; Wizardry ya 1981 ikaipeleka zamu kwenye kompyuta, na Dragon Quest ya 1986 ikaisambaza Japani. Kuna dai linalorudiwa mara kwa mara kuwa zamu ni masalia ya enzi ambayo mashine zilikuwa dhaifu. Dai hili halisimami. Baldur's Gate ya kwanza, mwaka 1998, ilitumia muda unaokwenda wenyewe pamoja na kitufe cha kusimamisha. Robo karne baadaye, mashine zikiwa na nguvu maradufu kwa maradufu, Larian wa Ubelgiji waliitengeneza sehemu ya tatu kwa zamu kamili. Pillars of Eternity II: Deadfire ya 2018 nayo iliongezewa njia ya kucheza kwa zamu mwaka 2019, ingawa haikuwa imebuniwa hivyo. Zamu ni chaguo la kifani, na kama chaguo lolote la kifani, inastahili kuulizwa inafanya kazi gani.

Fallout inafaa kuanziwa kwa sababu ndani yake kuna saa mbili zinazokinzana. Vitani, kila mhusika ana pointi za matendo zinazotokana na wepesi wake, na kila hatua, risasi au dawa ina bei. Mchezaji huzoea kukaa na kuhesabu kama mwenye duka anayefunga hesabu za jioni. Nje ya vita, hata hivyo, ametumwa kutafuta kifaa cha kusafishia maji ya handaki walimo watu wake, na amepewa siku 150. Siku hizo hupungua kila anapovuka jangwa. Vita vimemfundisha kwamba dunia humngoja. Ramani inamfundisha kwamba wenye kiu hawamngoji. Mgongano huu ndio unaoipa safari yake uzito, na mhakiki anayezungumzia mfumo wa mapigano bila kuitaja kalenda ameacha nusu ya maana.

Katika Darkest Dungeon, iliyotengenezwa na Red Hook Studios wa Kanada, umiliki wa zamu unaanza kulegea. Mashujaa wanaoshuka mashimoni hulimbikiza msongo wa mawazo. Unapofika 100, moyo wa shujaa hujaribiwa, na mara nyingi hushindwa: akawa mwoga, mchoyo au mwenye kushuku wenzake. Tangu hapo zamu ikimfikia anaweza kukataa amri, kukataa tiba au kuipoteza nafasi yake kwa maneno ya kukatisha tamaa yanayowaongezea wengine msongo. Zamu ni ya mchezaji kwa kanuni, lakini mtu anayepaswa kuitekeleza amevunjika. Aidha, mchezo hujihifadhi wenyewe kila mara, hivyo hakuna kurudi nyuma kufuta kosa. Dhamira ya gharama ya vita katika nafsi za wapiganaji haikuelezwa kwa hotuba. Imo ndani ya zamu iliyopotea.

Mfano wenye kina zaidi ni Undertale ya Toby Fox. Kila zamu ya mchezaji ina amri nne, nazo ni kupigana, kutenda, kutumia kifaa na kusamehe. Na inawezekana kuumaliza mchezo bila kuua hata kiumbe mmoja. Zamu ya adui, kwa upande wake, si picha ya kutazamwa tu: mchezaji huongoza moyo mdogo ndani ya kisanduku, akikwepa mashambulizi papo kwa papo. Anayechagua kuua kila anayekutana naye hufika mwisho mbele ya Sans, kiunzi cha mifupa ambaye kwa muda mrefu alikuwa mtu wa mizaha. Sans hushambulia kabla mchezaji hajapata zamu ya kwanza. Kisha, baada ya pambano refu, hutumia silaha yake ya mwisho, ambayo ni kutofanya lolote. Hashambulii, na kwa kuwa hajamaliza, zamu yake haiishi. Mchezaji aliyewanyima wengine kila nafasi sasa amenyimwa nafasi kwa kanuni ileile aliyoitumia. Ni mpaka Sans asinzie ndipo mchezaji anaposukuma kisanduku, sentimita kwa sentimita, hadi kwenye amri ya kupigana. Pigo la kwanza hukwepwa. La pili hutua lenyewe, bila mchezaji kuamuru. Kwa maoni yetu, hakuna mahali pengine katika utanzu huu ambapo swali la nani mwenye zamu limeulizwa kwa ukali namna hii: katika dakika moja, adui ameiteka zamu, mchezaji ameiiba, na mhusika aliyedhaniwa kuwa kikaragosi cha mchezaji ameitwaa.

Baldur's Gate 3 imesifiwa kwa wingi wa matokeo ya kila uamuzi, na sifa hizo ni za haki. Lakini uhakiki huu una shaka moja. Mchezaji anaweza kuhifadhi mchezo karibu wakati wowote, akarusha dadu, akashindwa, akarudi na kurusha tena. Hapo zamu hukoma kuwa uamuzi na kuwa rasimu. Watengenezaji wenyewe, Novemba 2023, waliongeza kiwango cha ugumu kinachoruhusu hifadhi moja tu, na kazi iliyosomwa kwa njia hiyo ni kazi tofauti kifani, ingawa maneno yake hayakubadilika. Mtafiti anapaswa kutaja alicheza ipi. Tasnifu nyingi hazitaji.

Suala la lebo lina upande mwingine usio wa kinadharia. Wapo wanaotafuta michezo ya zamu kwa sababu vidole vyao haviwezi kwenda mbio: wazee, wagonjwa, watu wenye ulemavu wa mikono. Kwao neno zamu ni ahadi. Undertale huivunja ahadi hiyo, na Clair Obscur: Expedition 33, iliyotengenezwa na Sandfall Interactive wa Ufaransa na kutolewa mwaka 2025, huivunja pia, kwani zamu ya adui humtaka mchezaji akwepe au azuie pigo kwa wakati wake hasa. Sisemi kwamba kazi hizi zimekosea. Katika Undertale, kama tulivyoona, uvunjaji huo ndio maana yenyewe. Anayewajibika ni mwainishaji, ambaye kwa neno moja amemfungulia mlango mtu atakayekwama kizingitini. Uwezo wa mashine nao huteua sampuli kimyakimya: Baldur's Gate 3 hudai nafasi ya gigabaiti 150, ilhali Undertale na Darkest Dungeon huchezeka kwenye kompyuta ya kawaida ya maktaba. Kwa mwanafunzi asiye na kifaa kikubwa hili si pungufu. Vielelezo viwili vilivyozaa matunda mengi zaidi katika uchambuzi huu ni vyepesi zaidi kupakua kuliko Baldur's Gate 3.