Kapasita Haiponyi Gurudumu Lenye Kuning'inia

Leo ninataka kukosoa dawa moja inayosifiwa sana na watu wanaojenga lokomotivu ndogo za mfano, zile za kutembea juu ya meza. Mtu akisema, "Yangu inasimama-simama njiani," jibu linakuja mbio: "Tia kapasita!" Mi naona jibu hilo linakuja mapema mno. Kapasita yenyewe haina kosa. Kosa iko kwa kuifanya dawa ya kwanza.

Tuelewane kwanza vile kitu kinafanya kazi. Chukua kipimo cha 00, kinachopendwa sana Uingereza: lokomotivu imepunguzwa mara 76, na reli mbili zimeachana milimita 16.5. Umeme, volti 12 kwa mfumo wa kawaida, unapita ndani ya reli zenyewe: kwa moja unaingia, kwa nyingine unarudi. Magurudumu njo yanauchukua, na nyaya nyembamba za bronzi zinazopapasa magurudumu zinaupeleka kwa motere. Gurudumu likiinuka juu ya reli, hata kwa unene wa karatasi tu, mlango mmoja wa umeme umefungwa.

Lokomotivu ya magurudumu 4 iko na milango 2 tu kila upande. Kwenye njiapanda, pale reli zinapokatana, mara nyingi kuna kipande cha plastiki kisichopitisha umeme. Gurudumu moja likiwa juu ya plastiki, na mwenzake ananing'inia, basi: motere inazimika.

Sasa, juu ya nini linaning'inia? Juu shasi nyingi ni ngumu, ekseli zote zimekazwa bila kucheza. Kila mtu aliyepika chini anajua mafiga matatu hayatikisiki, hata udongo ukiwa na mashimo. Meza ya miguu 4 njo inacheza. Dawa iko palepale. Acha ekseli moja, ile inayozungushwa na motere, ikae imara. Ya pili iikalishe juu ya nukta moja katikati, na matundu yake yawe marefu kidogo ili ipande na kushuka. Magurudumu mawili ya ekseli imara ni mafiga mawili, nukta ya katikati ni figa la tatu. Kwa magurudumu 6, ekseli mbili zinabebwa na kijiti kimoja cha chuma kinachobembea katikati. Hapo magurudumu yote yanakanyaga reli.

Dawa zingine nazo tuzipime. Kukaza zile nyaya za bronzi? Zikikazwa sana zinageuka breki. Kuvisha magurudumu raba ili lokomotivu ivute mabehewa mengi? Raba haipitishi umeme, kwa hiyo unanunua nguvu na kuuza mguso. Kugawa shasi vipande viwili, kila kimoja na umeme wa upande wake? Wazo ni zuri, nyaya za kupapasa zinaondoka. Lakini lokomotivu za Mainline, za miaka ya 1970 na 1980, zilijulikana kwa plastiki ya kuunganisha nusu mbili za ekseli: ikipasuka, magurudumu yanapoteza mpangilio.

Turudi kwa kapasita. Katika mfumo wa dijitali unaoitwa DCC, hata amri zinapita kwa reli zilezile. Mguso ukikatika, kapasita inaendelea kulisha motere, lakini amri haileti. Unabonyeza "simama", lokomotivu haisikii. Inakwenda tu mpaka iguse reli vizuri tena au akiba iishe. Kazi ya miezi mingi inaweza kuanguka toka mezani namna hiyo. Zaidi ya hapo, mguso mbaya unaleta cheche ndogo zinazoacha uchafu mweusi kwenye gurudumu, na uchafu unazidi kuharibu mguso. Mgonjwa hasikii maumivu, kumbe ugonjwa unakua.

Kwa hiyo mi ningependa utaratibu ugeuzwe. Safisha magurudumu kwanza. Weka lokomotivu juu ya kioo, ingiza karatasi nyembamba chini ya kila gurudumu. Pale karatasi inapita bure, gurudumu halibebi kitu: rekebisha shasi. Halafu chukua multimeta, upime kutoka kila gurudumu mpaka motere, ukilizungusha polepole. Hayo yote yakiwa sawa, tia kapasita yako, nami nitapiga makofi.

Haya mambo si ya michezo tu. Tulisoma umeme kwa kuchora: mstari unagusa mstari, tunaandika kwamba umepita. Kwenye karatasi mguso hauna uzito, hauna springi, hauna uchafu. Lakini angalia lokomotivu za umeme za njia ya Katanga. Volti 25,000 ziko juu kwenye waya, na bado bila ule mkono wa juu ya paa unaosukuma waya wakati wote, treni haiendi. Injinia atakayeona mota imezima na kukimbilia kuongeza vifaa, bila kuuliza nini kinagusa nini, na kwa nguvu gani, ataficha hitilafu nyingi katika kazi yake. Na hitilafu iliyofichwa haikupi taarifa siku itakayotokea.